Magurudumu ya Mara ya Pili

Ipo siku moja, mwanangu, ninayoikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu. Nilikuwa nimesimama pembeni ya kiwanja cha ndege cha Mikumi, jua limepanda, kanga kiunoni, nimeinua uso juu kama kuku aliyesikia mwewe. Mtu niliyekuwa nikimngoja alikuwa ndani ya ndege. Kabla jua halijageuka, ndege ile ilikuwa imelala kwa tumbo juu ya changarawe, na mimi nilikuwa nakimbia peku kuelekea kwenye vumbi.

Lakini hadithi ukiianzia katikati utampoteza msikilizaji, na mimi sina haraka. Magoti niliyo nayo sasa hayaniruhusu haraka hata nikiitaka. Kaa vizuri nikuanzie kwa mjomba wangu Yoramu, maana maneno nitakayokupa ni yake. Mimi nimeyabeba tu.

Kwetu ni milimani, juu ya mji wa Kilosa. Huko mtoto huhesabiwa upande wa mama, kwa hiyo baba tulimpenda na kumheshimu, lakini neno la mwisho juu ya kuolewa kwangu lilikuwa la mjomba, kaka yake mama. Mjomba Yoramu alikuwa mkulima wa maharage na mzee wa kanisa, na katika mambo ya salamu alikuwa mgumu kama mti wa mninga. Nyie wa siku hizi mnaamkia huku macho yenu yako kwenye simu. Kwa mjomba mngelala na njaa.

Wakati huo nilikuwa msichana, kazi yangu kufua na kupiga pasi mashuka kwenye hoteli moja ndani ya mbuga ya Mikumi. Nilikuja nyumbani likizo. Asubuhi nikampigia mjomba goti, nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, tukaulizana habari mpaka za mbuzi. Mchana nikawa natoka mtoni na ndoo kichwani, nikamkuta ameketi anapepeta maharage. Nikapita zangu.

"Damari!"

"Abee, mjomba."

"Hapo ulipopita umeona nini?"

"Nimekuona wewe, mjomba."

"Sasa mbona umepita kama umepita kisiki?"

Nikamjibu, kwa sauti ya mtu aliyefika sekondari, kwamba nilishamwamkia asubuhi. Akaweka ungo chini. "Asubuhi ilikuwa asubuhi," akasema. "Uliyemwamkia ni mtu wa asubuhi. Huyu wa mchana unajua kama amekula? Unajua ameletewa habari gani? Rudi mpaka pale kwenye mgomba, uje upya."

Nikarudi na ndoo yangu, maji yananimwagikia mgongoni, nikaja upya na shikamoo yangu. Akaitikia kwa furaha kama vile hajaniona mwaka mzima. Mimi nilinuna mpaka jioni. Moyoni nilisema, uzee wa namna hii Mungu apishie mbali. Naye hakupishia mbali, kama unavyoniona.

Sasa Erasto. Nikilitaja jina hili hata leo sauti yangu hupungua, univumilie. Alikuwa kijana wa Kilangali, mtoto wa kibarua wa shamba la mbegu, aliyesoma kwa shida na bidii mpaka akawa rubani wa ndege ndogo. Alikuwa akiwaleta wageni kutoka Dar es Salaam kuja kutazama wanyama. Dereva wa hoteli yetu, Kaka Mbaruku, ndiye aliyewapokea uwanjani, na mimi nilikuwa natafuta kila sababu ya kupanda gari lake. Leo moshi wa pasi umenichosha, kesho kichwa kinauma nahitaji upepo. Mbaruku alikuwa akicheka tu. "Panda, dada. Hicho kichwa chako dawa yake naijua inatokea upande gani."

Tulipendana hivyohivyo, mwanangu, kwa vipande vya muda. Anatua, wageni wanashuka, na wakati wengine wanapakia mizigo ya kuondoka, sisi tunasimama kwenye kivuli cha bawa. Ananiuliza nimekula nini. Namuuliza Dar kuna mvua. Ukiyasikia maneno yenyewe huwezi kuamini kwamba watu wawili walikuwa wakikosa usingizi kwa ajili ya maneno hayo. Akiondoka nilikuwa napunga kanga mpaka ndege inakuwa kama nzi, kisha narudi kwenye mashuka yangu na kuyaunguza.

Ikafika siku wazee wa Kilangali wakapanda mlima kuleta posa. Mjomba aliwasikiliza, akamtazama Erasto kutoka viatu mpaka nywele, akamuuliza swali moja tu: "Na wewe huko juu unamwamkia nani?"

"Namwamkia Mungu, mjomba. Nikipanda namwamkia, na nikishuka namwamkia tena."

Mjomba akapenda lile neno "tena". Posa ikapokelewa, tukaambiwa harusi ni baada ya mavuno. Nilianza kutarizi foronya za mito ya kitanda kwa nyuzi za rangi, na kila foronya nilikuwa namwona Erasto ameilalia.

Ili uielewe siku yenyewe ni lazima nikueleze kile kiwanja. Kiwanja cha ndege cha Mikumi kiko mbugani, hakina ukuta, na wanyama wanakipenda kwa sababu nyasi zake ni fupi na simba huonekana kwa mbali. Kwa hiyo desturi ya pale ilikuwa hivi: kabla ndege haijatua, dereva wa hoteli anapita na gari toka mwanzo wa kiwanja mpaka mwisho akipiga honi, kuwafukuza. Na wanyama wakirudi wakati ndege imeshakaribia, rubani hatui. Anapaa tena, anazunguka, anakuja mara ya pili. Ilikuwa kawaida kabisa. Wala hatukuihesabu kuwa shida.

Ndege ya Erasto ilikuwa na magurudumu yanayojikunja. Ikishapaa, rubani anayavuta ndani ya tumbo, kama njiwa anavyokunja miguu akiruka. Akitaka kutua anayashusha kwa mkono wake mwenyewe. Yeye asipoyashusha, hayashuki.

Siku ile Mbaruku alishapita na honi yake na nyumbu walishaondoka. Ndege ikaja kutoka upande wa milima, magurudumu nje, nikayaona kwa macho yangu haya. Lakini nyumbu, mwanangu, ni mnyama asiye na kauli moja. Kundi zima likageuza, likarudi kukatiza katikati ya kiwanja, mmoja nyuma ya mwenzake, kana kwamba kule walikotoka wamesahau kitu. Erasto akapaisha ndege. Ikapita juu yetu kwa kishindo, upepo ukanivua kanga ya kichwani, nikaona magurudumu yakiingia tumboni. Sisi tukacheka. Mbaruku akarukia gari, akawasukuma nyumbu mpaka ng'ambo, akarudi anajifuta jasho na kuwatukana matusi ambayo mbele yako siyasemi.

Ndege ikazunguka polepole nyuma ya vilima. Nilikuwa najifunga kanga vizuri, nataka anikute nadhifu. Ikatokea tena, imenyooka, inashuka vizuri kuliko mara ya kwanza. Mbaruku ndiye aliyeacha kucheka kwanza.

"Dada. Miguu iko wapi?"

Nikatazama. Tumbo lilikuwa laini, tupu. Mbaruku akakimbilia gari akaanza kuwasha na kuzima taa, anapiga honi, na honi gani itasikika na mtu aliyeko angani? Mimi nikavua kanga nikapunga. Nilipunga kwa mikono yote miwili, napiga kelele mpaka koo likachanika. Shusha, Erasto! Shusha! Ndege ikaja tu, kwa upole, kama mtu anayekwenda kuketi kwenye kiti ambacho kimeshaondolewa.

Mlio wa bati likikwaruza changarawe sijausikia tena maishani, na siuombi. Panga la mbele, lile linalozunguka, liligonga chini likakunjika, ndege ikaserereka ikiwa imelalia tumbo, ikageuka ubavu, ikazama kwenye vumbi. Kisha kimya. Hata ndege wa porini waliacha kulia. Nilikimbia bila viatu, na njia nzima nilikuwa namwambia Mungu neno moja, mwache, mwache, mwache.

Alimwacha. Vumbi lilipotulia mlango ulikuwa wazi, na Erasto alikuwa anawashusha abiria wake, mzee wa kizungu na mkewe, wanatetemeka lakini wazima. Aliwashika mkono mmoja mmoja, akawaketisha mbali na ndege. Mkono wake wa kushoto ulikuwa unaning'inia, mfupa wa bega umevunjika, na yeye hana habari nao. Aliponiona hakusema jina langu. Alisema, "Nilishusha. Damari, nilishusha."

Hospitalini aliyarudia maneno hayo mpaka nikaogopa. Siku ya pili akili ikatulia, akanieleza mwenyewe, taratibu, anatazama dari. Mara ya kwanza alifanya kila kitu. Alitamka kwa sauti yale maneno ambayo marubani huyatamka kabla ya kutua, alishusha magurudumu, aliona taa yake ikiwaka. Nyumbu walipokatiza akapaa, akayakunja kama inavyotakiwa. Aliporudi, kichwa kilikuwa kwa nyumbu: wako wapi, wataingia tena? Na mkono wake ulikuwa bado unakumbuka kushusha.

"Mkono hausemi uongo," aliniambia. "Ulishusha kweli. Ila ulishusha kwa safari ile nyingine."

Nikamuuliza kama hakuna kitu cha kumwonya. Akasema ipo kengele. Yule mzee na mkewe waliisikia ikilia, wakadhani ndivyo ndege zinavyotua. Yeye hakuisikia kabisa. Kisha akasema jambo ambalo hadi leo likinijia jikoni naacha mwiko. "Wewe nilikuona. Nilikuona unapunga. Nikafurahi."

Watu walikuja kumpa pole, na kila mmoja alikuwa na ile methali yetu: ajali haina kinga. Erasto aliwaitikia wote kwa adabu. Siku moja tu, baada ya shemasi kuondoka, alinigeukia. "Hii ilikuwa na kinga," akasema. "Kinga ilikuwa imelala hapa." Akanionyesha kiganja chake cha kulia.

Nikakishika kile kiganja. Nilikuwa na aibu za kisichana, lakini siku ile nilizivua. Nikamwambia, "Sikiliza, Erasto. Mimi nilikubali mtu, sikukubali ndege. Neno langu ni lilelile." Akafumba macho. Machozi yakampitia kwenye masikio, maana alikuwa amelala chali. Mimi nikajiona nimemaliza kazi. Nimesema, amesikia, basi.

Aliitwa Dar es Salaam kuhojiwa. Leseni ikasimamishwa, kazi ikaisha. Mavuno yakafika, yakapita, mahindi yakakauka darini, na Erasto hajaonekana. Nilikuwa Mikumi na mashuka yangu. Ndege nyingine zilikuja na marubani wengine, na kila mlio wa injini ulinitoa nje, ingawa nilijua si yeye. Mwanangu, hamu ni kitu cha ajabu. Unamjua mtu hayupo, na bado masikio yanamwandalia mahali pa kukaa.

Nilipochoka nikaomba ruhusa nikapanda nyumbani. Na ndipo asubuhi moja akatokea, amepanda mlima kwa miguu kutoka stesheni ya Kilosa. Amekonda. Bega moja limeshuka kuliko lingine, na shati si lake, nililijua kwa mikono ilivyokuwa mirefu. Nilimsalimia, nikamtilia maji ya kunawa, nikaleta chai na magimbi. Kisha nikakaa kwenye mkeka pembeni, kama inavyompasa msichana mjomba wake akiwa na mgeni.

Erasto alizungumza mambo mengi yasiyo na maana. Mvua za Kilangali. Bei... hapana, hata bei hakuzungumza, alizungumza habari za kunguru wanaokula mahindi. Mwishowe akasema, macho yakiwa kwenye kikombe, "Mjomba, nimekuja kuwashukuru. Mliponipokea nilikuwa mtu mwingine. Sasa nakwenda kwa kaka yangu Kigoma, kutafuta chochote. Treni ni leo. Sipendi kumfunga mtoto wa watu."

Akanitazama mara moja, haraka. Nami nikamtazama, nikakaa kimya. Nilidhani anajua. Nilikuwa nimeshamwambia! Nilidhani kilichobaki ni mjomba kumkatalia. Mjomba naye akasema tu, "Tumekusikia, baba. Nenda salama." Erasto akainuka, akaaga, akashuka mlima na kibegi chake.

Hakuwa amefika hata kwenye kona ya kanisa mjomba akanigeukia. Sijapata kumwona na uso ule.

"Umemwambia nini?"

"Mjomba, nilishamwambia. Hospitalini nilimwambia yote."

"Hospitalini ulimwambia mgonjwa." Alisema polepole, kama mtu anayehesabu mbegu kwenye shimo. "Yule amekufa au amepona, sijui. Huyu aliyekunywa chai yangu sasa hivi ametoka kufukuzwa, ametoka kuhojiwa, ametembea na shati la kuazima mbele ya watu wa Kilosa. Huyu nani amemwambia? Mimi siwezi kusema kwa mdomo wako. Amekuja mpaka mlangoni kukuuliza, Damari, na wewe umempita kama kisiki."

Nilihisi baridi, mwanangu, juani. Niliona tumbo la ndege lile, laini, tupu, likishuka kwa upole kabisa.

"Rudi kwenye mgomba," akasema mjomba. "Uje upya. Kimbia!"

Nilikimbia. Ule mlima una kona nyingi na mawe yanayoteleza, na mimi nilikuwa na kandambili, nikazivua nikazishika mkononi. Wanawake waliokuwa wanapanda na mizigo waliniuliza nani amekufa. Niliwapita wakubwa wale bila salamu hata moja. Niliwaza treni imeondoka. Niliwaza Kigoma, jina tu, mahali ambapo sikuwahi kufika, mwisho wa reli.

Nikafika stesheni nahema kama mbwa wa msasi. Na treni je? Haikuwa hata na habari za kuja. Treni za wakati ule zilikuwa na tabia za nyumbu. Leo mnapanda treni ya umeme hapa Kilosa mnafika Dar kabla chai haijapoa, lakini mimi nasema Mungu aibariki ile kuukuu iliyochelewa. Kawia ufike, walisema wahenga, na siku ile ilikawia ili nifike mimi.

Erasto alikuwa ameketi kwenye benchi, kibegi magotini. Nikavaa kandambili zangu, nikajifunga kanga, nikamwendea kama mtu anayemwona mara ya kwanza.

"Habari za mchana, Erasto."

Akashangaa. "Si umenisalimia asubuhi kule juu?"

"Asubuhi ilikuwa asubuhi," nikasema.

Kisha nikamwambia upya. Neno kwa neno, sikuongeza chumvi. Nilikubali mtu, sikukubali ndege. Watu wa stesheni wanasikia, mwanamke mwenye vitumbua ameacha kuuza, na mimi nasema. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akaweka kibegi chini, taratibu, kama kitu kizito sana, na akaanza kulia kwa sauti kama mtoto. Yule mama wa vitumbua ndiye aliyempa kitumbua. Treni ilipokuja jioni ilimkosa abiria mmoja.

Tulioana. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, na Erasto wangu alipata kazi ya kuendesha mashine ya kusaga hapa Kilosa, baadaye ikawa yake. Miaka mingi watu walimwita Mzee Rubani. Kila alipotaka kuwasha mashine alikagua mkanda, akakagua mafuta, akatazama kama hakuna mkono wa mtoto karibu, huku akitamka kwa sauti. Hata kama aliizima kidogo tu ili amsalimie mtu, akirudi alianza upya tangu mwanzo. Wanawake wenye ndoo za mahindi walimtania. "Mzee Rubani, tunasaga au tunaruka?" Naye aliwajibu, "Kaeni vizuri, mama zangu, tunapaa." Hakuna mtu aliyewahi kuumia kwenye mashine ile.

Lakini nisikudanganye kwamba alisahau anga. Jumapili tulipokuwa tumekaa uani, ndege ndogo ikipita kuelekea Mikumi, alisimama, mkono kwenye paji la uso, anaisindikiza mpaka inakuwa nzi. Na alipoona imeanza kushuka nyuma ya vilima, midomo yake ilisema, "Shusha." Nilimuuliza mara moja kama bado anatamani. Akasema, "Natamani kama unavyotamani kwenu ukiwa mbali. Huwezi kurudi, lakini njia unaijua." Niliumia, maana mimi nilikuwa nimepata nilichokitaka, na yeye alikuwa amepata nusu. Hilo sikuweza kumponya. Nilisimama naye tu.

Na tulikuwa na desturi yetu, ambayo watoto wetu waliicheka. Akitoka nyumbani nilimuaga. Akikumbuka kofia akarudi kuichukua, nilimuaga tena, tangu mwanzo: nenda salama, Mungu akutangulie, urudi. Akirudi mara tatu, mara tatu. Binti yetu alisema, "Mama, mnachelewesha mpaka jua linazama." Mazoea yana tabu, nilimwambia. Yanakufanya udhani ya jana yanatosha leo.

Mwaka jana, msimu wa vuli ukianza, alitoka asubuhi kwenda mashineni. Nilimuaga mlangoni. Nikaingia jikoni, nikaanza kukanda unga wa chapati. Mara nasikia geti. Amesahau kofia. Mikono yangu imejaa unga mpaka viwikoni, mafuta yanaanza kutoa moshi jikoni, na moyo mmoja uliniambia, Damari, umeshamuaga, endelea na kazi yako. Nikaepua mafuta. Nikatoka na unga wangu, nikasimama mbele yake, nikamwekea mkono kifuani, nikamwambia nenda salama, Mungu akutangulie, urudi. Akacheka, akanishika shavu, akasema, "Na wewe, ubaki salama, mke wangu." Akavaa kofia akaenda.

Hakurudi. Moyo wake ulisimama pale mashineni kabla ya saa sita, ameketi kwenye kiti chake, mkanda ameshaukagua. Walipomleta, alama ya unga wa mkono wangu ilikuwa bado kwenye shati lake.

Hamu ninayo, mwanangu. Sikufichi. Kitanda kimekuwa kipana na nyumba imekuwa na masikio. Ndege ikipita natoka uani, mkono kwenye paji la uso, na ikianza kushuka nyuma ya vilima nasema mimi badala yake, shusha. Majirani wanadhani bibi anasali, nao hawajakosea sana. Lakini kwaheri ile ya pili ninayo. Ya kwanza niliitoa kwa mazoea, hata siikumbuki sawasawa. Ya pili ndiyo ninayolalia. Mtu hawezi kunipokonya.

Basi nasaha yangu ni hii, na si ndefu. Jambo ulilolifanya safari iliyopita, ulilifanya kwa safari iliyopita. Ukilazimika kupaa tena, anza tena, tangu neno la kwanza, hata kama mkono wako unaapa kwamba ulishafanya. Uwe rubani, uwe dereva wa bodaboda, uwe nesi mwenye sindano, kagua upya. Kengele ikilia usidhani ndivyo inavyokuwa siku zote. Simama uulize inalilia nini. Na zaidi ya hayo yote, uliyempenda jana mpende leo kwa sauti. Uliyemsamehe mwambie tena kwamba umemsamehe, maana amelala na kuamka na hofu mpya. Mama yako uliyemwamkia asubuhi mwamkie na mchana. Usimpite mtu kama kisiki.

Nenda sasa, mwanangu. Mungu akutangulie angani na ardhini, akupe mkono unaokumbuka na sikio linalosikia, na kila unakotua ukute pamesafishwa, na mtu anakungoja. Urudi salama. Na ukifika pale getini ukikumbuka umesahau kitu, usione haya, rudi. Nitainuka nikubariki upya.